Banjo ya Pipa na Ngozi: Ufundi wa Mikono katika Ukanda wa Shaba wa Kongo

Banjo ni ala ya nyuzi yenye mwili wa mviringo uliowambwa ngozi upande mmoja na shingo ndefu inayobeba nyuzi. Katika ukanda wa shaba wa Kongo, kutoka Lubumbashi kupitia Likasi hadi Kolwezi, ala hii ilizoeleka kama kazi ya mikono kuliko bidhaa ya dukani. Hutengenezwa kwa mkebe au pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, gogo la mti na nyuzi za chuma zilizochomolewa ndani ya waya ya breki. Ile kubwa kuliko zote huitwa karindula, na jina hilo limekuwa pia jina la muziki wake na la ngoma inayochezwa nao.

Eneo lenyewe ni nchi ya machimbo. Kolwezi, makao makuu ya Mkoa wa Lualaba tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, imezungukwa na mashimo makubwa ya shaba na kobalti: Musonoi, Kamoto, Dikuluwe, Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi. Shughuli za machimbo hayo ziliwaleta pamoja watu wa makabila mengi, zikaleta reli, mafuta ya mitambo na vyuma, na zikaacha taka ambazo mafundi walizigeuza kuwa malighafi. Kwa sababu hiyo historia ya banjo ya mkono haiwezi kusimuliwa bila historia ya mgodi.

Mafundi wa kabla ya reli

Ukanda wa shaba ulikuwa na mafundi karne nyingi kabla ya kampuni za Ulaya. Makaburi ya kale ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde la Lualaba, yalipofukuliwa yalikutwa na mapambo na misalaba ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Misalaba ya namna hiyo ilitumika pia kama fedha katika biashara ya Afrika ya Kati. Wachimbaji waliyeyusha mawe ya kijani ya malakiti wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika na mashamba hayana kazi. Askofu Jean-Félix de Hemptinne aliwaeleza wayeyushaji hao katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu “walaji wa shaba” wa Katanga.

Katikati ya karne ya 19 waliingia Wayeke, wafanyabiashara wenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo. Kiongozi wao Msiri alitawala kutoka Bunkeya hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Wahunzi wa Kiyeke walisifika kwa kuvuta waya. Fimbo nyembamba ya shaba ilipitishwa katika tundu la chuma, kisha katika tundu dogo zaidi, na tena dogo zaidi, mpaka ikawa uzi mwembamba wa kusokotea bangili. Kazi hiyo ilihitaji jicho la kupima unene na mkono wa kujua ni wakati gani shaba inakaribia kukatika.

Kulikuwa pia na ufundi wa sauti. Miongoni mwa Walunda na Wachokwe, ambao makazi yao yanaanzia magharibi ya Kolwezi na kuingia Angola, ala iliyopendwa ni chisanji, yaani ubao wenye ndimi za chuma zinazopigwa kwa vidole gumba. Mara nyingi ndimi hizo huvishwa vipete vidogo vya chuma ili sauti ivume badala ya kutoka safi na kavu. Wachonga ngoma, kwa upande wao, walijua ngozi ipi inafaa, ilowekwe kwa muda gani, na iwambweje isipasuke ikikauka. Banjo ilipofika Katanga ilikuta mikono iliyokwisha kuzoea kuchonga mti, kuwamba ngozi na kutawala waya. Haikukuta watu wanaoanza kujifunza kutoka mwanzo.

Safari ya banjo kuzunguka bahari

Banjo yenyewe ina asili ya Afrika. Watu waliotekwa na kuvushwa bahari ya Atlantiki kama watumwa walibeba kumbukumbu za ala za nyuzi zilizotengenezwa kwa kibuyu, ngozi na mpini wa mti. Ndugu wa karibu wa ala hizo wangali wakipigwa, kama vile akonting ya Wajola wa Senegal na Gambia. Daktari Hans Sloane, aliyekaa Jamaika kati ya mwaka 1687 na 1689, alichapisha mwaka 1707 picha za ala za nyuzi za watumwa wa kisiwa hicho. Miaka ya 1770 John Gabriel Stedman alichukua ala ya aina hiyo huko Suriname. Ipo hadi leo katika makumbusho ya Leiden, Uholanzi, na ni miongoni mwa banjo kongwe kuliko zote zilizosalia duniani.

Nchini Marekani kibuyu kiliachwa pole pole, mahali pake pakashikwa na duara la mbao. Katika miaka ya 1840 William Boucher wa Baltimore alikuwa akitengeneza banjo za kuuza zenye pete ya chuma na skrubu za kukazia ngozi. Wakati huohuo ala hii ilitekwa na maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni na kuwakejeli watu weusi, kama kundi la Virginia Minstrels lililotokea New York mwaka 1843. Ala ya watumwa ikawa chombo cha kuwadhihaki watumwa. Hata hivyo maonyesho hayohayo ndiyo yaliyoisambaza katika bandari za dunia.

Kundi la Christy's Minstrels lilifika Cape Town mwaka 1862. Mwaka 1890 walifuata waimbaji weusi wa Kimarekani wakiongozwa na Orpheus McAdoo, ambao Waafrika wa Afrika Kusini waliwapokea kwa heshima kubwa kwa sababu walikuwa watu weusi waliosoma na waliojitegemea. Banjo ikaingia katika sherehe za mwaka mpya za Cape Town, ambako inasikika hadi sasa. Kisha ikaelekea kaskazini, kwenye almasi ya Kimberley na dhahabu ya Witwatersrand, ambako vibarua kutoka nchi nyingi walikutana na magitaa, konsertina na banjo katika maduka ya migodini.

Reli na kambi

Reli iliyotoka Cape Town ilifika Bulawayo mwaka 1897, ikavuka Maporomoko ya Victoria mwaka 1905, na mwaka 1910 treni ya kwanza iliingia Elisabethville, mji mpya unaoitwa Lubumbashi leo. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliyeyusha shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Katika miaka hiyo ya mwanzo sehemu kubwa ya wafanyakazi ilitoka Rodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na wengine Nyasaland. Walikuwa wakienda na kurudi kati ya migodi ya kusini na ile ya Katanga, na nyimbo, mitindo ya kucheza na namna za kutengeneza ala zilisafiri nao.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière ilibadili mwenendo. Badala ya vibarua wa miezi michache ilianza kuwaajiri watu kwa mikataba mirefu na kuwaruhusu waishi kambini na wake na watoto wao. Kutoka Kasai, kutoka nchi ya Waluba na kutoka Rwanda na Burundi zilikuja familia nzima. Mwaka 1931 reli ya Benguela iliunganishwa na ile ya Katanga, na njia ya kutoka bandari ya Lobito katika Angola ikafunguka kupitia nchi ya Wachokwe na Walunda. Kolwezi ilianzishwa rasmi mwaka 1937 kama mji wa machimbo kwenye njia hiyo. Kiswahili, ambacho wafanyabiashara walikuwa wamekileta mapema, kikawa lugha ya kambi kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja kati ya yote yaliyokutana pale.

Kambi ilikuwa na ratiba: king'ora asubuhi, zamu ya kazi, mgao wa posho, shule, misa ya Jumapili. Muziki ulipata nafasi yake jioni na mwisho wa juma. Gitaa la dukani, kwa kawaida la bei nafuu lililotengenezwa Afrika Kusini, lilikuwa kitu cha karani au fundi mwenye mshahara wa uhakika. Kijana asiye na mshahara alijitengenezea ala yake, na vifaa vilikuwa karibu. Mgodi unatumia mafuta ya mitambo na ya magari, na mafuta huja katika mikebe na mapipa. Baiskeli, ambazo zilikuwa alama ya kwanza ya maendeleo ya mfanyakazi, zinatumia waya za breki. Mbuzi walifugwa na kuchinjwa kandokando ya mji. Msitu wa miombo ulianzia pale kambi inapoishia.

Namna banjo inavyotengenezwa

Kazi huanza na mwili wa ala, kwa kuwa ndio unaoamua mengine yote. Mkebe wa lita tano hutoa banjo ndogo ya kupakatwa, ambayo mara nyingi ndiyo ala ya kwanza ya mtoto. Pipa kubwa la mafuta hutoa karindula yenye sauti nzito. Hewa iliyo ndani ya mwili hutikisika pamoja na ngozi, na kadiri chumba cha hewa kinavyokuwa kikubwa ndivyo sauti nzito zinavyopata nguvu. Fundi huchagua pipa lisilo na kutu iliyotoboa na lisilo na bonde kwenye ukingo, kwa maana ukingo uliopinda huiacha ngozi ikilegea upande mmoja. Upande mmoja wa pipa hukatwa kwa tindo na nyundo. Ukingo uliokatwa hukunjwa kwa ndani au kusawazishwa kwa jiwe, la sivyo makali yake yataikata ngozi siku ya kwanza. Ndani huoshwa kwa majivu na maji ya moto mpaka harufu ya mafuta iishe, kwani ngozi iliyofyonza mafuta hailii tena.

Ngozi ya mbuzi hupendwa kuliko ya ng'ombe kwa sababu ni nyembamba na nyepesi, hivyo hutikisika hata kwa uzi unaoguswa kidogo. Hulowekwa majini mpaka ilainike, hunyolewa manyoya kwa kisu au kipande cha chupa, na nyama iliyosalia upande wa ndani hukwanguliwa kabisa. Kipande cha nyama kinachobaki huoza au hukauka kikawa kigumu, na mahali hapo sauti hufa. Fundi huinua ngozi mbele ya mwanga na kutafuta makovu na sehemu nyembamba kupita kiasi. Eneo la mgongoni, lenye unene zaidi, huelekezwa mahali ambapo nyuzi zitakandamiza.

Kuwamba hufanywa ngozi ingali mbichi. Katika mwili wa mbao misumari au vijiti vidogo hupigiliwa kuzunguka ukingo, wa kwanza upande huu na wa pili upande ulio mkabala nao, ili mvuto ugawanyike sawa. Katika pipa la bati msumari haushiki. Ngozi hukunjwa juu ya ukingo na kufungwa kwa pete ya chuma, waya au ukanda wa mpira wa tairi, au ukingo hutobolewa matundu na ngozi kukazwa kwa kamba kama ngoma. Kisha ala huachwa ikauke. Jua kali la mchana huweza kuipasua ngozi kwa kuikausha haraka kupita kiasi, ndiyo maana kivuli chenye upepo ni bora. Kadiri maji yanavyotoka ndivyo ngozi inavyojivuta yenyewe, mpaka ikigongwa kwa kidole itoe mlio wa juu.

Shingo huchongwa kwa tezo na kumaliziwa kwa kisu na msasa. Mti unaofaa ni ule usiopinda ukikauka. Mulombwa, mti mwekundu ambao maseremala wa Katanga wanautegemea kwa samani, una sifa hiyo. Shingo haiishii kwenye ukingo wa pipa. Hupenya mwili mzima, ikaingia tundu la upande mmoja na kutokea la upande wa pili, na kule inakotokea ndiko nyuzi zinakofungwa. Umbo hilo ndilo siri ya uimara wa ala. Nyuzi nne za chuma zilizokazwa huvuta kwa nguvu nyingi, na lau shingo ingepigiliwa tu ubavuni mwa bati ingeng'oka. Ikipita katikati, mvuto wote hubebwa na mti, na bati halibebi mzigo wowote isipokuwa ule wa ngozi. Akonting ya Senegal na ala nyingine za kale za Afrika zina shingo ya namna hiyohiyo inayopenya mwili.

Nyuzi ndizo sehemu inayoonyesha wazi ujuzi wa fundi. Waya ya breki ya baiskeli au ya pikipiki si uzi mmoja. Ni fungu la nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja. Fundi hukata kichwa cha waya, hushika ncha kwa koleo na kusokotoa kinyume, uzi baada ya uzi, akijihadhari usikunjike, kwa kuwa mahali palipokunjika ndipo uzi utakapokatika ukikazwa. Uzi mmoja hutoa sauti ya juu. Nyuzi mbili au tatu zikiachwa pamoja hutoa sauti nzito. Katika nchi iliyojaa shaba, nyuzi za banjo ni za chuma kwa sababu za kiufundi: shaba ni laini, na ikivutwa hurefuka badala ya kushika sauti. Waya ya shaba inafaa zaidi kuzungushwa juu ya uzi wa chuma ili kuongeza uzito wake, na viwanda vya dunia hutengeneza nyuzi nene za magitaa kwa njia inayofanana na hiyo.

Nyuzi hupita juu ya daraja, kijiti kifupi kinachosimama juu ya ngozi bila gundi wala msumari. Kinashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na kazi yake ni kupeleka mtikisiko kwenye ngozi. Kikiwa kizito humeza sauti. Kikiwa kirefu mno huinua nyuzi mbali na shingo, na vidole vya mpigaji huumia. Fundi hukisogeza kidogo kidogo, akisikiliza, mpaka apate mahali ambapo ala inalia vizuri kuliko pengine. Kwenye kichwa cha shingo huwekwa vigingi vya mti vilivyochongwa vyembamba upande mmoja, ambavyo hujikaza vyenyewe katika matundu yao vinaposukumwa. Shingo nyingi za banjo za mkono hazina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa la kiwandani, na mpigaji hutafuta sauti kwa sikio lake.

Ala ikikamilika haijamaliza kuhitaji fundi. Katika nyanda za Lualaba mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na ngozi hufyonza unyevu ikalegea. Mpigaji huisogeza karibu na moto kabla ya kuanza kupiga, kama wapiga ngoma wanavyofanya. Kiangazi kikifika ngozi hukaza na sauti hupanda, hivyo nyuzi hulegezwa kidogo ili vitu viwili hivyo visivutane mpaka kimojawapo kikatike.

Banjo na gitaa

Ala ya mkono iliishi bega kwa bega na gitaa la dukani. Gitaa ndilo lililopata umaarufu wa dunia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo ya kurekodi, alikutana huko Jadotville, Likasi ya leo, na kijana aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa Wayeke. Alipiga gitaa kwa kidole gumba na cha shahada, na wimbo wake Masanga ukawa mfano kwa wapigaji wa Afrika Mashariki na Kati. Yeye na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mtindo wa Katanga kutoka kwao. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Wapigaji wengi wa magitaa wa Afrika ya Kati na Kusini walianzia kwenye ala ya mkebe kabla ya kushika gitaa la kweli. Banjo ya mkono ilikuwa shule ya kwanza ya vidole na ya masikio. Pamoja na hilo, baadhi ya wanamuziki hawakuihama. Ngozi hutoa sauti kali inayokatika upesi, na sauti hiyo hupenya kelele za watu wanaocheza uwanjani bila kipaza sauti, jambo ambalo gitaa jepesi la mbao haliwezi.

Upande wa pili wa mpaka, katika Mkoa wa Luapula na miji ya shaba ya Zambia, banjo za mkono ziliunganishwa na ala ya besi ya uzi mmoja na ngoma. Muziki huo ukaitwa kalindula. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenneth Kaunda iliagiza redio ya taifa ipige karibu muziki wa Zambia mtupu, na agizo hilo liliufungulia milango muziki wa mashambani. Makundi kama Serenje Kalindula na Amayenge yaliipeleka kalindula kwenye magitaa ya umeme. Kwa kuwa Wabemba na jamaa zao wanaishi pande zote mbili za mpaka, na kwa kuwa wafanyakazi wa migodi hawakuacha kuvuka, muziki huo haukukaa Zambia peke yake.

Karindula na miaka migumu ya mgodi

Katika Katanga njia ilikuwa nyingine. Wakati makundi ya Zambia yaliposhika umeme, vijana wa Lubumbashi na miji ya jirani waliikuza ala yenyewe. Mkebe ukawa pipa, shingo ikarefushwa, nyuzi zikawa nne nene za chuma, na banjo moja ikaweza kushika kazi ya besi na ya wimbo kwa pamoja. Muziki wa karindula huwa mrefu, wa kurudiarudia, wenye waimbaji wanaojibizana na wachezaji wanaoshindana kwa mbwembwe. Mwaka 2011 kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilitoa The Karindula Sessions, santuri na filamu zilizorekodiwa Katanga na Vincent Kenis, zikiwa na makundi ya BBK, Bena Ngoma, Bana Lupemba na Bana Simba. Kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya huo ndio uliokuwa mkutano wao wa kwanza na banjo ya pipa.

Kukua kwa karindula kulikwenda sambamba na kuanguka kwa uchumi wa mgodi. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na shirika la serikali lililoirithi likaja kujulikana kama Gécamines. Katikati ya miaka ya 1980 lilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, iliporomoka. Uporaji wa mwaka 1991 na kufukuzwa kwa watu wenye asili ya Kasai kutoka Likasi na Kolwezi mwaka 1992 na 1993 kulilinyima shirika mafundi wake wengi. Uzalishaji ulishuka hadi chini ya tani 50,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, chini ya mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari.

Familia zilizokuwa zikipata posho, matibabu na shule kutoka kampuni zilibaki bila vyote hivyo, na gitaa la dukani likawa mbali zaidi na kijana wa kambini. Pipa tupu, ngozi ya mbuzi na waya iliyochakaa vilibaki. Ni kosa, hata hivyo, kuiona karindula kama gitaa la maskini. Ukubwa wake, shingo yake inayopenya mwili, nyuzi zake zilizochaguliwa kwa unene na ngozi yake inayokazwa kwa moto ni maamuzi ya kifundi yaliyofanywa kutafuta sauti maalumu. Mtu anayetaka sauti hiyo haipati kwenye gitaa, hata akiwa na fedha.

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa kampuni binafsi, na Kolwezi imekuwa kitovu cha kobalti ya dunia. Machimbo ya Dikuluwe na Mashamba Magharibi yalikabidhiwa kwa ubia wa Kongo na China, Sicomines, katika makubaliano ya mwaka 2008. Magari makubwa yamerudi barabarani na pikipiki zimejaa mjini. Vifaa vya banjo havijaadimika. Pengine ni vingi kuliko zamani. Kinachoweza kuadimika ni ujuzi, kwa sababu haukuandikwa. Umepita kutoka mkono hadi mkono, na kijana anayepata muziki wote katika simu hana sababu ya kwenda kukaa karibu na fundi anayekwangua ngozi.

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, vyuo na vituo vya utamaduni vya Lualaba vina nafasi ya kuzikusanya ala hizi zikiwa na majina ya mafundi wake, vipimo vyake na maelezo ya namna zilivyotengenezwa, kama vile Leiden ilivyoihifadhi banjo ya Suriname. Tofauti moja ni muhimu: jina la aliyetengeneza ala ile ya Suriname halikuandikwa, ilhali mafundi wa Katanga wapo hai na wanaweza kuulizwa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, na inafaa ianze mapema.